Vihisi Vilivyokufa Zamu ya Rukmana

Ropina Manalu hakuwa na imani na kesi zinazoletwa zikiwa na mwizi wake tayari. Miaka ya upolisi, na hii mingine ya upelelezi wa kujitegemea, ilimfundisha kwamba mwenye mali akikutajia jina kabla hujakaa, ama jina ni la kweli na kazi imekwisha, ama ni la uongo na kazi imekuwa mara mbili. Asubuhi hiyo Dokta Imas Suryalaga alimtajia jina kabla hata ya kumwonyesha kiti.

"Rukmana Adiwilaga," alisema. "Mhandisi wangu mkuu."

"Ngoja nikae kwanza, Bu. Na kama kuna chai, sitakataa." Kwao "Bu" ni mama, neno la heshima.

Walikuwa kwenye ofisi ya kiwanda cha Panggih, Ujungberung, upande wa mashariki wa Bandung, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Imas alikuwa mwembamba, mwenye kilemba cha kijivu kilichobanwa vizuri, mwalimu wa kemia aliyeacha chuo ili auze alichokivumbua. Alisukuma mezani kitu kidogo kuliko ukucha wa dole gumba.

"Hiki ndicho kihisi chenyewe. Huo utando mweusi juu yake ni mirija ya kaboni. Unywele wako ukiupasua mara maelfu ndiyo utaukaribia wembamba wake. Samaki akianza kuharibika anatoa hewa fulani, na pua yako bado haijashtuka. Hii mirija inaidaka, namba inapanda. Ukiweka kimoja kwenye sanduku la barafu, mvuvi na mnunuzi hawana tena cha kugombania."

"Kizuri. Sasa kimekukosea nini?"

"Chuoni nilivitengeneza kwa mkono wangu, havikunisaliti hata siku moja. Nimekuja huku, kwenye mashine na chumba safi cha kisasa, trei moja inatoka hai na inayofuata imekufa."

"Imekufaje?"

"Haijaona samaki maishani mwake, inasema imenusa aliyeoza. Trei nzima."

Kesho yake wanunuzi walikuwa wanafika kutoka Bitung, watu wa jodari, na desturi yao ni kuchagua trei wenyewe. Wakiokota iliyokufa, wangerudi kwao, na wenye mtaji wangefuata nyuma yao. Imas alisema amewaona wenzake wengi wakivumbua vitu vya ajabu maabara, vikafia njiani kabla ya kuonja soko. Hakutaka kuwa mmoja wao kwa sababu ya mtu mmoja.

"Kwa nini yeye?"

"Trei zinakufa akiwa chumbani. Akienda likizo, zinapona. Nimefuatilia tangu mvua zianze. Halafu mlinzi alimwona anatoka na vihisi kwenye begi. Halafu akaenda Singapore bila kuniaga, na huko wapo watu wanaotengeneza kitu kama changu. Kikulacho ki nguoni mwako, Bu Ropina. Nataka kesho, kabla wageni hawajaingia getini, polisi wawe wameshamchukua."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Si atakataa?"

Ropina alikunywa chai yake. Ilikuwa nzuri, na kiti kilikuwa laini, na kwa jumla alijisikia vizuri. Kesi ya mtu kuua vihisi ilimpendeza zaidi kuliko za kuvizia waume za watu hotelini, ambazo ndizo zilizomlipia kodi mwaka mzima.

"Nipe leo tu," alisema. "Na huyo kijana mnyang'anye kadi ya mlango. Asiingie chumba safi mpaka niseme."

Mlinzi wa getini, Pak Engkos, yaani bwana Engkos, alithibitisha habari ya begi bila kusitasita.

"Nilimpekua kama ninavyompekua kila mtu. Vihisi kibao, kwenye kopo la biskuti."

"Alivificha?"

"Kuficha? Alifungua kopo mwenyewe, akasema, 'Pak, hivi ni vilivyokufa, usiandike vizima.' Mimi nikaandika vilivyokufa."

"Na Bu Imas ulimweleza kwamba ni vilivyokufa?"

"Aliniuliza kama alibeba vihisi. Nikasema ndiyo." Pak Engkos alimtazama kwa heshima yenye kicheko. "Bu, samahani, wewe ni Mbatak wa Sumatra, eh? Sauti yako nimeisikia toka ofisini, na mlango ulikuwa umefungwa."

"Kwetu tunaongea ng'ambo mpaka ng'ambo ya ziwa. Simu zimekuja juzi tu."

Rukmana alikuwa kantini peke yake, mbele yake surabi mbili, vitumbua vya unga wa mchele, zilizopoa, na glasi ya bandrek, kinywaji cha moto chenye tangawizi kali. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mashavu yamemwingia ndani kama mtu aliyelala vibaya kwa muda mrefu. Kadi yake ilikuwa imeshachukuliwa, na kamba yake tupu bado ilining'inia shingoni.

"Hizo surabi unazila au unazilinda?" Ropina aliuliza, akakaa.

"Karibu, Bu. Chukua."

Alichukua moja. "Trei zinakufa ukiwepo. Kweli au uongo?"

"Kweli."

Ropina alitegemea ubishi, akabaki na surabi mkononi. "Unakubali?"

"Mimi si ndiye ninayezihesabu? Nimebadilisha dawa ya kuoshea. Nimebadilisha glavu. Nimepima maji. Nikaona labda ni vumbi, maana mirija ile haitaki vumbi, basi kila zikifa naongeza upepo wa darini ulisafishe. Zinakufa zaidi. Nikibaki nyumbani zinapona. Mama yangu anasema nimerogwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema sijui. Kusema sijui kwa mhandisi ni kazi ngumu, Bu."

"Singapore ulifuata nini?"

Alisukuma glasi pembeni. Kisha akasema polepole, kwa ile adabu ya Wasunda, wenyeji wa Bandung, inayoweza kumkata mtu bila kumtoa damu, "Nimefanya kazi na Bu Imas tangu akiwa na meza moja na feni bovu. Hilo nitamjibu yeye."

"Ukinyamaza, kesho utalala mahabusu."

"Basi nitalala."

Ropina alimaliza surabi. Aliwahi kuwahoji waongo wa kila aina, na waongo huwa na maelezo. Huyu hakuwa nayo hata moja. Lakini kukosa maelezo hakumtoi mtu hatiani, na saa zilikuwa zinakwenda.

Akapanga jaribio. Zamu ya mchana ingefanya kazi kama kawaida, Rukmana akikaa kantini chini ya macho ya Pak Engkos. Trei moja, iliyotoka kwenye mashine muda huo huo na kupimwa ikiwa hai, ingewekwa wazi kwenye meza ya pembeni, na yeye Ropina angekaa nayo ana kwa ana mpaka wakati wa kuifunika. Hakuna mkono ambao ungeikaribia. Ikifa, mharibifu si Rukmana. Ikipona, Imas apige simu polisi.

"Na nyingine zote?" Imas aliuliza.

"Ziache kwenye meza zao. Tutalinganisha."

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na wasichana sita na mkuu wao wa zamu, mama mnene mchangamfu ambaye wote, hata Imas, walimwita Teh Kokom, dada Kokom. Alimpokea Ropina kama harusi imeletewa mgeni wa heshima. Akamvisha viatu vya plastiki, akamsomea maswali ya ukutani kama sheria inavyotaka.

"Umejipulizia manukato?"

"Hapana."

"Poda? Krimu ya uso? Rangi ya mdomo? Mafuta ya nywele?"

"Kwa umri huu, Teh? Nimpendeze nani?"

Wasichana wakacheka. "Umevuta sigara leo?"

"Niliacha nilipoacha upolisi. Vyote viwili vilikuwa vinaniua."

"Safi kabisa. Haya, geuka." Ropina alihisi mikono ya moto shingoni, ikishuka mpaka kati ya mabega, kisha ikamzunguka tumboni bila kuomba ruhusa, kama mikono ya mama yake alipokuwa mtoto. "Humo mna upepo, Bu. Wenzangu hawa leo watavumilia, maana Kang Rukmana, kaka yetu, hayupo. Lakini wewe hujazoea. Ukiingiwa na upepo ukaugua, tutamwambia nini mumeo?"

"Mwambie alipe bili ya hospitali."

Alivaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa, akabaki macho tu. Akaingia akiwa amepashwa moto vizuri, na moyo wake umetulia.

Ndani hapakuwa na la kusimulia. Darini hewa ilishuka taratibu. Wasichana waliinama mezani, wakichovya, wakikausha, wakipanga. Ropina alikaa na trei yake kwenye meza ya pembeni, uso kwa uso, kama mama anayemlisha mtoto mkaidi. Hakuna aliyemkaribia. Teh Kokom alipotaka kumletea kigoda cha miguu, alimwashiria asisogee. Muda ulipofika, aliifunika mwenyewe, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye chumba cha kupimia, ambako Imas alikuwa anasubiri mbele ya kompyuta.

Imas alichomeka kihisi cha kwanza. Namba ikapanda mpaka juu ikakaa. Cha pili. Cha tatu. Akachukua kutoka pembe nyingine ya trei. Akavua miwani.

"Imekufa yote."

"Na za kwenye meza za wasichana?"

Imas alizipima zote, haraka. Zote zilikuwa hai.

"Nani aliigusa trei yako?"

"Hakuna."

"Haiwezekani. Labda ulisinzia. Labda ana mtu wake mle ndani."

"Bu Imas." Ropina alivuta kiti akakaa. "Rukmana yuko kantini, na mlinzi wako anamtolea macho. Wasichana hawakusogea. Trei ilikuwa na mtu mmoja tu. Aliyeiua ni mimi."

Ilimchukua Imas muda kuelewa kwamba hakuna mzaha.

"Sasa swali ni moja," Ropina aliendelea. "Leo nimeingia na nini ambacho wao hawakuingia nacho, na ambacho huwa wanaingia nacho Rukmana akiwepo? Sijapaka manukato. Sijapaka poda. Maswali yako yote nimeyajibu kwa haki." Alijivuta ukosi wa blauzi, akajinusa. Hakusikia kitu. Alinusa tena, safari hii kama polisi, si kama mtu aliyezaliwa nchi hii, na ndipo ikamjia: ile harufu ya majani makali iliyopo kwenye kila teksi, kila msikiti, kila kanisa, kila kitanda cha mtoto, mpaka hakuna pua inayoihesabu tena. "Mwite Teh Kokom. Aje na chupa yake."

Teh Kokom alikuja amejifuta mikono, na chupa ndogo ya kijani ya mafuta ya kayu putih, yale ya kuchua mwili yanayonuka kama mkaratusi.

"Teh, haya unampaka nani?"

"Wote, Bu. Kila siku ya baridi. Mgongoni na tumboni."

"Na ukutani pameandikwa nini?"

"Hakuna manukato." Teh Kokom alimtazama mmoja baada ya mwingine. "Lakini hii ni dawa. Nani anaita hii manukato?"

"Hakuna," Ropina alisema. "Hata mimi nisingeita. Na kwa nini leo ulisema wasichana watavumilia, maana Rukmana hayupo?"

"Si yeye anayefungulia upepo? Akiwepo humo ndani ni kama kilele cha mlima. Watoto wa watu wanatetemeka. Nikimwambia, ananijibu, 'Teh, vumilieni, trei zinakufa, lazima nisafishe hewa.' Basi nawapaka. Siku ya upepo mkali nawapaka mara mbili, na mapumziko nawarudia. Niwaache waugue?"

Imas alichukua kihisi kizima, akakichomeka. Namba ilikuwa chini kabisa. Akaashiria. Teh Kokom alifungua chupa, akaisogeza, na mkono wake ulikuwa bado mbali namba ilipoanza kupanda. Akafunga kifuniko. Wakasubiri. Namba haikushuka.

"Utando ukiwa wazi unayanywa," Imas alisema, kama anayejisomea. "Unashiba. Samaki akija baadaye haoni pa kukaa. Chuoni nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha joto, natoka jasho. Sikuwahi kujipaka." Alisita, akafungua mkoba wake, akatoa chupa kama ile ile na kuiweka mezani kando ya ya kwanza. "Hayo maswali ya mlangoni niliyatafsiri kutoka kwenye kitabu cha Wajerumani."

"Wao hawaingiwi na upepo," Ropina alisema.

"Kwa hiyo alipoona zinakufa aliongeza upepo."

"Akiongeza upepo, Teh Kokom anaongeza mafuta. Akiongeza mafuta, zinakufa zaidi. Akibaki nyumbani, hakuna baridi, hakuna mafuta, zinapona. Kila ulichoniambia kumhusu kilikuwa kweli, Bu."

Teh Kokom alikuwa ameanza kulia, bila sauti, chozi likimfuata ukingo wa shavu. "Basi ni mimi. Nimewaharibia mwenyewe kwa wema wangu. Nitaondoka leo, Bu Imas, usinifukuze mbele ya watoto."

"Hakuna anayeondoka," Imas alisema. "Kaa, Teh. Mimi niliyesoma nilikuwa na chupa hiyo hiyo kwenye mkoba." Akamtazama Ropina, na aibu ilikuwa usoni pake waziwazi, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kujificha. "Naomba umlete."

"Hapana," Ropina alisema. "Huyo utamfuata mwenyewe."

Wakaenda wote watatu. Mvua ilikuwa imekatika na kantini ilinukia wali mpya. Rukmana alisimama alipomwona mkuu wake, na Pak Engkos, asiyejua kama bado ni mlinzi au ameshakuwa mgeni, alisimama pia.

Imas alisimulia yote kwa ufupi. Hakujitetea. Alipomaliza akauliza, "Singapore ulikwenda kufanya nini?"

"Mwalimu wangu yupo kule, ana darubini ambayo sisi hatuna. Nilimpelekea vilivyokufa avitazame. Ulikuwa umekataza tusimwambie mtu wa nje mpaka mkataba usainiwe. Nikaona nikikuomba utakataa, na nikikaa kimya kiwanda kitakufa. Nauli niliitoa mwenyewe."

"Aliona nini?"

"Bado hajajibu. Foleni yake ni ndefu." Aligeukia chupa mkononi mwa Teh Kokom, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ulijikunja kwa upande. "Mama yangu ataudhika. Alishampata mganga."

Ropina alicheka mpaka sufuria zikaitikia. Hata Teh Kokom alitabasamu katikati ya machozi. Imas hakucheka.

"Nilikuwa nimeshawapigia polisi," alisema. "Niliwaambia waje kesho asubuhi. Nitawapigia sasa hivi mbele yako niwaambie wasije, na kesho nitawaambia wafanyakazi wote kwa nini kadi yako ilichukuliwa. Ukitaka kuondoka baada ya hapo, nitakuandikia sifa zako zote. Naona haya, Rukmana."

Alitoa kadi mfukoni akamnyooshea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama mdogo anavyompa mkubwa. Pak Engkos aliangalia pembeni. Haikuwa kawaida kuona jambo hilo Ujungberung, daktari wa chuo kikuu akimwinamia kijana wake mbele ya mlinzi.

Rukmana hakuichukua mara moja. Aliitazama kwa muda ambao hata Ropina, aliyezoea kusubiri majibu ya watu, aliona ni mrefu. Kisha akaipokea, naye kwa mikono miwili.

"Trei mpya tuzianze leo leo," alisema, "na upepo nitaushusha. Lakini wasichana wasiguse meza mpaka waoge, ovaroli zote zikafuliwe. Na wavae sweta ndani."

"Nitakwenda kununua mwenyewe sasa hivi," Imas alisema. "Za rangi gani?"

"Rangi yoyote, Bu. Ila si za manyoya, zinatoa vumbi." Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea chumba safi. Mlangoni akageuka. "Na ya Teh Kokom uchukue kubwa kabisa, la sivyo kesho atajipaka kwa siri."